Filamu Haikumtuma Mwas Kuiba

Kila filamu ya ujambazi inapovuma Afrika Mashariki, lawama ileile huifuata mlangoni: inawafundisha vijana kuiba. Wenye lawama hii si watu wa kubezwa. Wamo wazazi wanaohofia wana wao, walimu, maimamu na wachungaji, wabunge, na maofisa wa bodi zinazokagua filamu. Hoja yao ni nyepesi kushikika: kijana akiona bastola kwenye skrini jioni, usiku ataitafuta mtaani. Nyuma yake huja hoja ya pili, kwamba picha za wezi na makahaba zinaiaibisha nchi mbele ya wageni. Hoja hizi zimerudiwa mno hata zikaonekana kama shauri lililokwisha kuamuliwa. Halijaamuliwa. Zikipelekwa mbele ya ushahidi, zote mbili zinayumba.

Filamu inayofaa kuzipima ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, maarufu kwa jina la Tosh. Inafaa kwa sababu mhusika wake mkuu ni watu wawili katika mwili mmoja: mtu anayeisaka sanaa ya kuigiza, na mwizi. Kama kweli sanaa huzaa uhalifu, hapa ndipo uzazi huo ungeonekana bila kificho.

Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu za mapigano kutoka Hollywood, za aina ile inayodurufiwa na kuuzwa kwa bei ya chini katika kila soko la ukanda huu. Haziuzi kwa kuzipanga mezani na kungoja. Anaziigiza mbele ya wateja: anapaza sauti, anarusha ngumi hewani, anajigeuza shujaa na adui kwa zamu mpaka watu wacheke na kutoa pesa. Kikundi cha maigizo kutoka mjini kinapopita kijijini, anakifuata akiomba nafasi. Anaambiwa nafasi ipo Nairobi, ila itangulie pesa. Anafunga safari. Hajakaa sana jijini kabla ya kuporwa barabarani, kisha anaishia mahabusu, anakolazimishwa kusafisha choo. Humo ndimo anamompata mtu wa kwanza wa kumkaribisha Nairobi: Oti, kiongozi wa genge linalong'oa vipuri vya magari.

Anayetaka kuilaumu filamu kwa wizi wa Mwas azihesabu upya hatua hizo. Filamu alizozitazama kijijini zilimtia hamu ya jukwaa. Jiji lilimpa njaa, hasara na usiku wa seli. Genge lilimpa pa kulala na watu wa kula nao. Hakuna mahali anapotoka kutazama filamu akaenda kuvunja gari. Tena, mara tu anapopata nafasi katika mchezo wa jukwaani, maisha yake yanagawanyika pande mbili: mazoezi yanamvuta huku, genge linamvuta kule. Ni sanaa peke yake inayompa sababu ya kutaka kutoka.

Upo hata hivyo wizi mmoja katika hadithi hii ambao hauzungumzwi sana, nao ndio wa kwanza kwa mpangilio. DVD zile. Kijana anayetamani kuwa mwigizaji anajipatia riziki kwa biashara inayowanyima waigizaji riziki, na kijiji kizima kinanunua kikicheka. Hakuna mzee anayemwonya, hakuna mchungaji anayehubiri juu ya kikapu chake. Jamii inayopiga kelele kwamba filamu inafundisha wizi ndiyo hiyohiyo inayoiiba filamu kila siku bila kuona haya. Tanzania ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyewahi kupita Kariakoo: kazi za wasanii zilikuwa zikidurufiwa hadharani. Lawama kwamba wasanii wanaharibu vijana ingekuwa na uzito zaidi kama ingetoka kwa watu wanaowalipa wasanii hao.

Tukiingia mjini, filamu inauliza swali ambalo wakosoaji wake hawaliulizi: nani ananunua? Genge la Oti haling'oi taa na vioo kwa ajili ya kupamba navyo ukuta. Nyuma yake kuna mwenye duka anayepanga bei, na nyuma ya mwenye duka kuna mteja mwenye shati safi anayetaka kipuri cha bei nafuu bila kuuliza kimetoka wapi. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki gari Nairobi anaujua mzunguko huo, na anajua kwa nini watu hupelekwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan, kutafuta vilivyopotea. Ndiyo maana wenye magari wa Nairobi, sawa na wenzao wa Dar es Salaam, huchora namba za usajili kwenye vioo na taa. Mchoro huo ni ungamo la mji mzima kwamba soko la vitu vya wizi lipo na linafanya kazi. Halikufunguliwa na mwongozaji wa filamu.

Halafu kuna polisi. Katika filamu hii wanakula na wahalifu, kisha wanawamaliza kwa risasi pasipo mahakama. Mtazamaji anayeudhika na picha hiyo ana haki ya kuudhika, ila aelekeze hasira panapostahili. Februari 2009, miaka mitatu kabla ya filamu kutoka, Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji yanayofanyika nje ya sheria, alizuru Kenya na kuhitimisha kwamba mauaji yanayofanywa na polisi yalikuwa yameenea na wahusika hawakuwa wakiadhibiwa. Gitonga na waandishi wa hadithi yake hawakubuni jinamizi. Walichukua kilichokwisha kuandikwa kwenye ripoti, wakakipa sura, jina na mama anayengoja kijijini.

Hapo ndipo lawama ya "kufundisha wizi" inapoonyesha faida yake kwa baadhi ya watu. Ikikubaliwa, mnunuzi wa kioo cha wizi anaondoka, askari mla rushwa anaondoka, anayeuza nafasi za kazi anaondoka, na kizimbani anabaki mwongozaji na kamera yake. Ni kesi rahisi kuendesha. Mshtakiwa hana bunduki wala duka.

Turudi kwenye dai lenyewe, kwamba macho yakiona, mikono huiga. Wachumi wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Gordon Dahl na Stefano DellaVigna, walilichunguza kwa takwimu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Walilinganisha idadi ya watazamaji wa filamu za ukatili kuanzia mwaka 1995 hadi 2004 na matukio ya mashambulizi yaliyoripotiwa polisi siku hizohizo. Kama dai lingekuwa kweli, wikiendi zenye watazamaji wengi wa filamu za mapigano zingekuwa na damu zaidi. Walikuta kinyume. Kwa kila ongezeko la watazamaji milioni 1, matukio ya ukatili kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku yalipungua kwa kati ya asilimia 1.1 na 1.3. Baada ya saa 6 usiku yalizidi kupungua. Maelezo yao hayana miujiza: kijana aliye ukumbini hayupo baa wala kichochoroni, na anapotoka hajalewa. Walitafuta pia athari katika wiki zilizofuata, hadi wiki tatu, na hawakuiona. Utafiti huo haukujifanya kupima malezi ya miaka kumi. Unapima kile hasa ambacho walalamikaji hudai, yaani kutoka ukumbini na kwenda kutenda.

Wapinzani hujibu kwa mifano, na upo mmoja wenye nguvu. Tarehe 28 Februari 1997 majambazi wawili waliovaa nguo za kuzuia risasi walivamia benki huko North Hollywood, Los Angeles, wakapigana na polisi barabarani mbele ya kamera za televisheni. Zaidi ya mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa 1995, ilikuwa imetoka Heat ya Michael Mann, filamu yenye mapambano ya bunduki barabarani baada ya wizi wa benki mjini humohumo. Mlinganisho huo umetajwa tangu siku ile kama ushahidi usiopingika. Kinachosahauliwa ni kwamba wanaume hao wawili walikamatwa na polisi wa Glendale mwaka 1993 wakiwa na bunduki, risasi nyingi, nguo za kuzuia risasi na vifaa vya kujibadilisha sura. Heat ilikuwa haijatengenezwa. Huenda baadaye waliitazama na kuipenda, kama walivyoipenda mamilioni ya wahasibu na madereva wa teksi ambao hawajawahi kuvamia hata kibanda.

Na kama skrini ina uwezo wa kumgeuza mtu mwema kuwa jambazi, basi iwe na uwezo wa kumgeuza jambazi kuwa mwema. Historia imetupatia jaribio hilo. Jioni ya tarehe 22 Julai 1934, John Dillinger, mwizi wa benki aliyekuwa akitafutwa kuliko wote Marekani, aliingia ukumbi wa Biograph mjini Chicago. Filamu ya siku hiyo ilikuwa Manhattan Melodrama, ambamo mhalifu anayeigizwa na Clark Gable anaishia kwenye kiti cha umeme. Ni mwisho ambao kila bodi ya ukaguzi ingeupigia makofi: uovu umelipwa. Dillinger aliyekaa kitini humo alikuwa amekwisha kupora benki nyingi na kutoroka jela mara mbili, na hadithi za aina hiyo, za mhalifu anayelipa kwa maisha yake, Hollywood ilikuwa imezitoa kwa miaka. Alipotoka nje, maofisa wa serikali walimpiga risasi akafa. Kilichomsimamisha ni upelelezi.

Hii haina maana kwamba filamu haina nguvu. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bills, wakavaa, wakatembea na kuzungumza kwa kuwaiga makauboi wa Marekani, Buffalo Bill akiwa kiongozi wao. Filamu iliwapa kofia, jina na mwendo. Mitaa iliyojaa vijana wasio na shule wala kazi chini ya utawala wa Wabelgiji haikuletwa na filamu, na bila mitaa hiyo kofia zingebaki kofia. Tofauti kati ya mtindo na sababu ndiyo inayokosekana katika mjadala wetu.

Inafaa kujua pia dhana hii, kwamba macho yakiona mikono huiga, imetoka wapi, kwa kuwa mara nyingi huvikwa vazi la maadili ya Kiafrika. Ukoo wake ni wa kikoloni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walifanya majaribio ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Lengo lilikuwa kufundisha: kilimo, afya, kodi, akiba. Moja ya filamu zao, iliyohusu benki ya akiba ya posta, inaonyesha mfanyakazi anayeficha pesa zake ardhini zikaibwa na mwizi, ilhali mwenzake mwenye kitabu cha benki analala usingizi. Mwizi alikuwa halali kwenye skrini, mradi aitangaze posta. Baadaye William Sellers, mkuu wa kitengo cha filamu cha makoloni, aliishikilia nadharia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuatilia filamu za kawaida, hivyo atengenezewe za polepole, zenye somo moja, zisizo na hila. Kwa nadharia hiyo, Mwafrika haitafsiri picha. Anaipokea kama ilivyo.

Wakoloni waliondoka, nadharia ikabaki ofisini. Kenya iliingia katika uhuru ikiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962 kabla ya bendera kubadilishwa. Tanzania ilitunga yake mwaka 1976. Anayesema leo kwamba kijana wa Tandale au Mathare akimwona mwizi kwenye filamu atakuwa mwizi, anairudia bila kujua imani ya Sellers: kwamba mtu huyu hana akili ya kutenganisha hadithi na agizo. Kijana yuleyule huketi kwenye kibanda cha video akamsikiliza mfasiri anayezungumza juu ya filamu ya Kichina, akicheka anapocheka na kumkosoa anapokosea. Ni mtazamaji mwenye maoni, tena makali.

Fasihi ya Kiswahili imeyapitia haya yote na ingeweza kutuokolea muda. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa vita kwa madai ya kupotosha maadili, ikazuiwa shuleni. Baadaye ikawa kitabu cha kusomwa katika shule zilezile. Riwaya za Elvis Musiba zilijaa bastola na majambazi wa kimataifa, na waliozisoma chini ya dawati miaka ya 1970 na 1980 leo ni mababu wanaolalamikia filamu. Kenya ina mfano mkubwa zaidi. John Kiriamiti alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa kutumia nguvu. Akiwa gerezani aliandika kisa chake kupitia mhusika Jack Zollo, na My Life in Crime ikachapishwa mwaka 1984, mwaka aliotoka. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimekipitisha kitabu hicho mkono kwa mkono. Hapa mwelekeo uko wazi: mtu alianza na wizi, akaishia kwenye sanaa. Safari hiyo, aliyoifanya Kiriamiti kwa kweli, ndiyo Mwas anayoijaribu katika hadithi.

Sasa hoja ya pili, ya jina la nchi. Ikumbukwe kwamba Nairobi Half Life ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Wairimu alitangazwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo wa 2012. Filamu yenyewe inazungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng, na watu wa mbali waliisoma kwa maandishi ya chini ya skrini. Kongo ilikuwa imefanya vivyo hivyo: Viva Riva! ya Djo Munga, iliyotoka mwaka 2010, ni hadithi ya magendo ya petroli, mauaji na tamaa mjini Kinshasa, nayo ilizoa tuzo sita za filamu za Afrika mwaka 2011. Tsotsi, kuhusu jambazi kijana wa Johannesburg, iliipa Afrika Kusini Oscar mwaka 2006. Nchi hizo hazikuaibika kwa filamu zao. Zilitajwa kwa heshima katika kumbi ambamo awali hazikujulikana kuwa zina wasanii.

Mwenye ukali zaidi atasema: tuzo hizo ni za wageni, na wageni ndio wanaopenda kutuona tukiwa wezi. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na linastahili jibu la kina. Ni kweli Nairobi Half Life ilitokana na warsha za One Fine Day, mradi wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ukishirikiana na DW Akademie ya Ujerumani na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Pesa za nje zina ladha zake, na msanii anayezitegemea hulazimika kuijua ladha hiyo. Lakini tutazame kilichotoka katika chungu hichohicho. Soul Boy ya Hawa Essuman, mwaka 2010, ni kisa cha mtoto wa Kibera anayetafuta roho ya baba yake. Kati Kati ya Mbithi Masya, mwaka 2016, inafanyika katika ulimwengu wa wafu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, mwaka 2018, ni kuhusu msichana mgonjwa mahututi ambaye kijiji chake kinaungana kumtengenezea filamu ili awe shujaa. Kama Wajerumani walitaka majambazi tu, walifanya kazi mbaya ya kuwapata.

Pingamizi hilo, likifuatwa hadi mwisho, linawarudia wanaolitoa. Ikiwa tatizo ni kwamba pesa za filamu zinatoka Berlin, dawa ni pesa kutoka Nairobi, Dodoma na Kampala. Bodi haiwezi kuja na mkono mtupu wakati wa kuandika hadithi, wakati wa kutafuta vifaa na wakati wa kulipa waigizaji, kisha ikaja na mkasi filamu inapokamilika.

Mkasi wenyewe haukati panapodhaniwa. Januari 2014 bodi ya Kenya ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu kuhusu tapeli wa soko la hisa la Marekani. Waliofungiwa mlango ni wenye kumbi na wanunuzi wa tiketi, yaani wale pekee waliokuwa tayari kulipa kihalali. Mwuza DVD za kudurufu haombi kibali kwa mtu. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ilipoisimamisha kwa siku saba marufuku ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu iliyozuiwa kwa sababu nyingine kabisa, watu walipanga foleni na kumbi za Nairobi zikajaa. Marufuku ilikuwa imeitangaza kuliko bango lolote. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, bodi inayopiga marufuku inampelekea wateja Mwas wa kijijini, yule mwenye kikapu cha diski, na inamnyima kazi Mwas wa jukwaani.

Anayetaka kuona kazi hiyo ikipewa nafasi aende Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Huko Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti isiyofika hata dola 200. Filamu imejaa makomando, magenge na milipuko. Bunduki zake zimeungwa kwa vyuma chakavu, waigizaji ni vijana wa mtaa, na wengi wao walijitolea bila malipo. Waliuza filamu zao kwa mikono, nyumba kwa nyumba, wakijua kwamba wakichelewa wiki moja wadurufu watawatangulia. Kwa mantiki ya wakosoaji, mtaa ambao vijana wake hushinda wakifanya mazoezi ya kuua ungekuwa kiwanda cha majambazi. Vijana hao wamejulikana duniani kwa jambo moja: kutengeneza filamu.

Wala haisaidii kudai kwamba filamu ya mhalifu ivumiliwe tu ikiwa mhalifu atatubu dakika za mwisho. Mwisho wa aina hiyo umejaa katika filamu zetu: jambazi analia, mchungaji anaombea, polisi mwadilifu anatokea kona. Mtazamaji anarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba tatizo lilikuwa moyo wa mtu mmoja na moyo huo umetengenezwa. Nairobi Half Life inakataa kumpa faraja hiyo. Marafiki wa Mwas wanakufa, na yeye anafika jukwaani na damu yao bado mbichi, akiwazungumzia watu waliolipa tiketi wakae kwenye viti laini na kutazama. Haombi msamaha kwa niaba ya mji. Anauambia mji kwamba nao una macho, na umechagua cha kuangalia na cha kupuuza. Filamu inayotukuza wizi isingempeleka mwizi wake huko. Ingempa gari na nyumba ya ufukweni.

Kazi halali ya bodi za filamu ipo, na ni muhimu: kutenga filamu kwa umri, kuandika bayana kwenye bango kwamba hii si ya watoto, na kuwabana wenye mabanda ya video wanaowaingiza watoto wa miaka minane usiku. Hilo lifanywe kwa ukali kuliko linavyofanywa. Zaidi ya hapo, nguvu zielekezwe kwa mnunuzi wa vipuri vya wizi, kwa askari anayegawana naye, na kwa kila anayemwambia kijana kwamba kazi ipo ila itangulie pesa. Sheria za kuwashughulikia watu hao zipo tayari, na hakuna hata moja inayohitaji kibali cha mkaguzi wa filamu.

Wabunge wanaosimama kulaani filamu za ujambazi nao wana nafasi ya kuthibitisha nia yao kila mwaka bajeti inaposomwa. Watenge fungu la kuwalipa waandishi wa hadithi, waongozaji na waigizaji wa nyumbani, wasimamie haki zao za kazi dhidi ya wadurufu, kisha wadai hadithi bora kama mtu aliyechangia gharama. Hadi watakapofanya hivyo, lawama yao kwa Nairobi Half Life haina msingi, na watengenezaji filamu hawadaiwi radhi yoyote.